Packard: inchi 5 ziliwekwa nyuma badala ya mbele

Ndugu Mhariri,

Makala yenu juu ya Packard, kampuni ya magari ya kifahari ya Detroit iliyokwisha kufa, iliwaalika wasomaji waseme wangebadili nini katika sura ya magari yake ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwandishi wenu alitangulia kujibu kwa mstari mmoja, kwamba magari yalikuwa mabaya na yangechorwa upya yote. Mimi ni fundi bodi hapa Mtwara, na naomba nafasi ya kulijibu swali hilo kwa vipimo, kwa sababu jibu la "yote upya" linasahau kalibu, yaani yale maumbo ya chuma yanayolipa bati sura, na kalibu ndizo zilizokuwa zinakula fedha.

Bati la gari hushindiliwa kwa kalibu za chuma. Kipande kimoja cha nje, mathalani madigadi ya mbele (bati linalofunika gurudumu), hakimalizwi na kalibu moja. Ya kwanza hulivuta bati lichukue umbo, ya pili hukata ziada, zinazofuata hukunja kingo na kutoboa matundu. Ukibadili boneti umebadili seti ya kalibu za boneti, basi. Ukibadili paa umegusa fremu ya kioo cha mbele, fremu ya kioo cha nyuma, sehemu ya juu ya milango yote, na vioo vyenyewe. Ghali kuliko vyote ni kile kipande kinachobeba kioo cha mbele, ukuta wa injini na bawaba za milango ya mbele, kwani gari zima hupimwa kuanzia hapo. Kwa hiyo mtu akisema angebadili sura, ataje na vipande anavyogusa. Nitajitahidi kufuata sharti hilo katika barua yote.

Tuangalie kwanza walichokuwa nacho mkononi. Aprili 1941 Packard walitoa Clipper. Mchoro wa mwanzo ulitoka kwa Howard Darrin, aliyezoea kuwatengenezea matajiri bodi za oda, na Werner Gubitz wa ndani ya kampuni akaurekebisha ukafaa kwa kiwanda. Upana wa gari lile ulizidi kimo chake, jambo geni kwa wakati ule. Milango iliteremka ikafunika ubao wa kukanyagia. Madigadi ya mbele yalirefushwa yakafifia ndani ya mlango wa mbele. Shoo, ule uso wa kromu mbele ya rejeta, ilibaki nyembamba na ya kwenda juu, ikifuata umbo la rejeta ya Packard za zamani, lile lenye mabega mawili ya nira. Februari 1942 utengenezaji wa magari ya raia ukasimamishwa Marekani, na Packard wakaingia kwenye injini za ndege za Merlin na injini za boti za kivita. Clipper likawa limekaa sokoni muda mfupi mno. Liliporudi kama gari la mwaka 1946 lilikuwa bado gari la kisasa, na kalibu zake zilikuwa na kazi nyingi mbele yake.

Kuna jambo moja la Clipper ambalo ndilo shina la barua hii. Kuanzia magari ya 1942 lilitoka kwa vipimo viwili: inchi 120 na inchi 127 kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma. Chumba cha abiria kilikuwa kilekile. Zile inchi 7 za tofauti ziliwekwa mbele ya kioo, chini ya boneti. Mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara alilijua gari kubwa ni lipi kabla hajasoma jina lake.

Kwa magari ya 1948, yaliyoanza kutoka mwaka 1947, viongozi wa Packard walitaka ubavu ulionyooka, kwa kuwa washindani wao Kaiser-Frazer walikwisha kuutoa na Hudson walikuwa njiani. Walichukua Clipper lilelile, wakaacha paa, wakaongeza bati kwa nje ili kujaza pengo kati ya madigadi ya mbele na ya nyuma. Gari likaongezeka takriban pauni 200, yaani karibu kilo 90. Wamarekani wakaliita bafu, na wengine tembo mwenye mimba.

Kwa nini lilionekana nene? Unene uliongezwa mabegani peke yake. Paa halikuguswa, kwa hiyo chumba cha vioo kikaonekana kidogo juu ya mwili mkubwa. Magurudumu hayakusogezwa nje kulingana na bati jipya, yakaonekana yamezama ndani. Shoo ikafupishwa na kutanuliwa, na yale mabega ya nira yakabaki alama tu kwenye ukingo wa boneti. Huku pwani tunajua pia adha nyingine ya bati lililowekwa nje ya umbo la zamani: linaacha uwazi katikati, vumbi na unyevu wa chumvi vinakaa humo, kutu inaanzia ndani, na siku rangi inapofura nje, bati limekwisha kuliwa.

Haki itendeke lakini: gari lile liliuzwa. Mwaka wa 1948 yalitoka zaidi ya 90,000, na mwaka wa 1949 zaidi ya 100,000. Watu walikuwa na kiu ya magari baada ya miaka ya vita. Kiu ilipokatika, magari ya mwaka wa 1950 yakashuka hadi karibu 42,000. Wakati huohuo Cadillac, washindani wao wa magari ya kifahari, walikuwa wametoa bodi mpya mwaka 1948, na mwaka 1949 wakaleta injini ya V8 (silinda 8 kwa safu mbili za umbo la V) yenye valvu juu pamoja na Coupe de Ville, gari la milango miwili lisilo na nguzo katikati. Packard walipata gari lisilo na nguzo mwaka 1951. V8 waliipata mwaka 1955.

Mimi kwa mwaka 1948 ningegusa vipande 6 vya nje: ngozi za milango 4, yaani bati zake za nje, na madigadi 2 ya mbele. Paa, vioo, buti, madigadi ya nyuma na ile shoo nyembamba vingebaki. Mkunjo wa madigadi ya mbele usingeishia mlango wa kwanza. Ungepita milango miwili ukishuka taratibu na kufa kabla haujagusa madigadi ya nyuma. Kina chake kiwe sentimita 5 hivi mwanzoni mwa mlango wa mbele, kisha kipungue hadi sifuri. Mkunjo wa namna hiyo unaongeza ugumu wa bati, kwa hiyo mlango hautikisiki wala hauhitaji bati nene zaidi, na uzito unabaki karibu na ule wa Clipper.

Kuna mawili yanayoweza kuharibika hapo. La kwanza ni kona ya mkunjo: ikiwa kali mno, bati linachanika ndani ya kalibu linapovutwa, kwa hiyo kona iwe na duara la kutosha hata kama mchoraji anapenda makali. La pili ni mpishano. Mkunjo unaopita milango miwili unaonyesha kila kosa la bawaba. Mlango wa nyuma ukishuka milimita 2, jicho linaona kwa mbali, ilhali kwenye ubavu mtupu lisingeona. Kiwanda kingelazimika kufunga milango kwa uangalifu zaidi. Fedha iliyookolewa kwenye bati ingekwenda kwenye paa lisilo na nguzo na kwenye V8, miaka ileile Cadillac walipofanya hivyo. Sisi watu wa Kusini tunafahamu gharama ya kutangulia kujenga kabla ya kupima: miaka hiyohiyo bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya karanga, na mradi wenyewe ukafutwa mwaka 1951.

Sasa nije kwenye mwaka 1951, ambao makala yenu iliupita kwa sentensi mbili. Huu ndio mwaka ulioamua mambo, kwa kuwa bodi iliyotoka mwaka ule ndiyo iliyobebwa mpaka Packard ya mwisho ya Detroit mwaka 1956. Ilichorwa na John Reinhart. Ilikuwa bodi safi, na ilikuwa na vipimo viwili tena: inchi 122 kwa magari ya bei ya chini, yaliyoitwa 200, na kwa yale ya 250; inchi 127 kwa yale ya 300 na kwa Patrician 400, lililokuwa la hadhi ya juu kuliko yote. Gari la 200 lilianzia chini ya dola 2,500, na Patrician lilipita dola 3,600.

Ila safari hii zile inchi 5 za tofauti ziliwekwa nyuma, kwenye chumba cha abiria wa kiti cha nyuma. Mbele, kuanzia kioo hadi bampa, gari la bei ndogo na gari la bei kubwa yalikuwa na bati moja. Shoo ya Patrician iliongezewa meno ya kromu, na ya 200 haikuwa nayo. Hayo meno ndiyo mnunuzi aliyoongezewa usoni mwa gari kwa dola zaidi ya elfu moja.

Tajiri anaponunua gari, jicho lake na jicho la jirani yake linasoma sehemu moja kabla ya nyingine: umbali kati ya katikati ya gurudumu la mbele na ukingo wa mbele wa mlango wa dereva. Umbali huo ukiwa mrefu, gari linasomeka kuwa la heshima. Ukiwa mfupi, linasomeka kuwa la kawaida hata likiwa refu kiasi gani kwa nyuma. Clipper la inchi 127 lilikuwa nao. Patrician halikuwa nao. Reinhart mwenyewe aliujua vizuri, maana alipokwenda Ford alisimamia mchoro wa Continental Mark II la 1956, gari la inchi 126 lenye boneti ndefu lililouzwa kwa karibu dola 10,000.

Hivyo badiliko langu kubwa ni hili: ondoa inchi 5 nyuma, zirudishe mbele. Chumba cha Patrician kiwe kilekile cha 200, na gurudumu la mbele lisogee mbele inchi 5. Hesabu ya kalibu inapungua. Kuurefusha upande wa nyuma kunagusa paa, sakafu, ubavu wa nyuma na milango ya nyuma. Kuurefusha upande wa mbele kunagusa boneti, madigadi 2, bati za ndani za madigadi na mihimili ya mbele ya chasisi. Na kwa kuwa boneti na madigadi ni vya gari kubwa peke yake, uso mzima wa gari kubwa unaweza kuwa tofauti bila kulipa mara ya pili. Pua ya boneti inyanyuliwe katikati, shoo nyembamba ya kwenda juu irudi na mabega yake, na ile shoo pana ya mlalo waachiwe 200.

Kiufundi mambo yanakaa namna hii. Ukiiacha injini mahali pake na kusogeza ekseli na rejeta peke yake, feni inabaki nyuma inchi 5 na haivuti hewa ya kutosha. Gari likisimama foleni saa saba mchana linachemka. Kava ya bati kuzunguka feni inaweza kusaidia, lakini njia bora ni kusogeza injini na gia boksi pamoja na ekseli. Hapo propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, haihitaji kubuniwa upya, maana umbali wa gia boksi hadi ekseli ya nyuma unakuwa uleule wa Patrician lililotoka kiwandani. Vinavyorefuka ni shafti ya usukani na fito za gia, kwa inchi 5. Faida ya ziada ni mbili. Gia boksi ikisogea mbele, nundu ya sakafuni inapungua miguuni pa abiria wa mbele. Na injini ya silinda 8 za mstari ikitoka kwenye ukuta, fundi anapata nafasi ya kuingiza mkono nyuma ya kichwa cha injini.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Mnunuzi wa Patrician alikuwa mara nyingi mtu mzima aliyethamini nafasi ya miguu nyuma, na mimi nimemnyang'anya inchi 5. Nakubali kwamba huyo amepoteza kitu. Lakini anayeendeshwa na dereva hununua gari refu la watu 7, na Packard walikuwa na desturi ndefu ya kuyatengeneza kwa idadi ndogo. Anayeendesha mwenyewe anakaa mbele, na kwake chumba cha 200 kilitosha.

Faida kubwa zaidi iko kwenye magari ya milango miwili. Mayfair, lile lisilo na nguzo, na magari ya kufunuka paa yote yaliwekwa kwenye chasisi fupi ya inchi 122, kwa kuwa inchi 5 za kiti cha nyuma hazikuwa na maana kwenye gari la milango miwili. Matokeo yake gari zuri kuliko yote waliyotoa lilikuwa limejengwa juu ya chasisi ya gari la bei ndogo. Mwaka 1953 walitoa Caribbean, gari la kufunuka lililorembwa na Dick Teague: matao ya magurudumu yalikatwa wazi na kuzungushiwa kromu, na ubavu ukaachwa bila michirizi. Liliuzwa dola 5,210 na yakatoka 750. Eldorado la Cadillac la mwaka huohuo lilikuwa dola 7,750 na yakatoka 532. Wateja walikuwapo. Kama inchi 5 zingekuwa mbele, Caribbean lingepata boneti ndefu ya Patrician bila kalibu hata moja ya ziada. Packard walilipandisha kwenye inchi 127 mwaka 1955, bodi ikiwa imekwisha kuzeeka.

Kijana wa gereji au wa chuo cha ufundi cha VETA anaweza kulithibitisha hili mwenyewe kwa karatasi, mkasi na rula, bila kompyuta. Atafute picha ya Patrician la 1951 iliyopigwa ubavuni kabisa. Kipimo cha picha nzuri ni magurudumu: yote mawili yaonekane duara kamili. Likionekana yai, picha imepigwa kwa pembe na vipimo vyote vitadanganya. Aichapishe kwa kipimo cha 1 kwa 20, yaani umbali wa ekseli hadi ekseli uwe milimita 161. Gari zima lina takriban mita 5 na nusu, kwa hiyo litaingia kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, likibaki na sentimita moja kila upande. Kisha ahakiki kwa rimu: rimu ni inchi 15, na kwenye karatasi iwe milimita 19. Hapa wengi hukosea, kwa sababu matairi mengi ya magari yale yana ukanda mweupe, na kwenye picha ndogo ukanda unachukuliwa kuwa sehemu ya rimu. Apime chuma peke yake. Tairi zima na mpira wake ni kama milimita 37.

Baada ya hapo akate karatasi wima mahali pawili. Mkato wa kwanza upite kati ya tao la gurudumu la mbele na ukingo wa mlango wa dereva. Wa pili upite kwenye mlango wa nyuma, mbele ya tao la gurudumu, ukipanda hadi paani. Atoe ukanda wa milimita 6 kwenye mkato wa nyuma, aunganishe, halafu aachanishe mkato wa mbele kwa milimita hizohizo 6. Urefu wa gari haubadiliki hata kidogo. Aweke karatasi ya kufuatishia juu yake na achore mstari mmoja kutoka chini ya kioo hadi puani. Asiunge mistari miwili iliyokatika, maana atapata nundu katikati ya boneti. Akimaliza aziweke picha mbili sambamba, aliyoichora na ya kiwandani, arudi nyuma hatua kadhaa. Kwa milimita 6 tu gari alilolichora litaonekana la bei nyingine.

Anayetaka kwenda mbele zaidi achonge mfano. Huku kwetu wachongaji wa Kimakonde hawahitaji kufundishwa jinsi ya kuliona umbo ndani ya gogo. Kwa 1 kwa 20 kipande cha mbao laini cha milimita 280 kwa 100 kwa 80 kinatosha. Mpingo uachwe, ni mgumu na weusi wake unaficha makosa ya uso. Mfano ukishasuguliwa na kupigwa praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kijivu, umwagiwe maji na kushikwa karibu na dirisha. Mwanga unaoteleza juu ya maji utaonyesha mawimbi ambayo kiganja hakijayahisi, na utaonyesha pia kama boneti iliyorefushwa imekaa bapa mno katikati. Boneti ndefu inahitaji mbinuko wa kutosha kwenda juu, la sivyo ikishapakwa rangi inayong'aa itaonekana imebonyea wakati haijabonyea. Bati bapa la urefu ule pia hucheza gari likikimbia.

Lawama nyingine ya bodi ya 1951 ilikuwa kiuno. Mstari wa chini ya vioo ulikuwa juu sana, vioo vikawa vifupi na ubavu mpana. Kuushusha kwa bati ni ghali: ngozi za milango, vioo vya pembeni, mitambo ya kupandishia vioo, kingo za paa. Nisingeugusa kwa bati. Ningeushusha kwa rangi. Paa likipakwa rangi tofauti na mwili, rangi ya paa isiishie kwenye kingo za vioo bali iteremke kama sentimita 8 chini ya vioo, na ukingo wake ufunikwe na ukanda mwembamba wa kromu kutoka boneti hadi buti. Jicho litauchukua ukanda kuwa ndio kiuno. Ukanda huo hufunika pia kingo za masking tepu, ambako rangi ya pili kwa kawaida huacha ngazi inayoonekana. Tahadhari ni mashimo ya vishikizo vya kromu. Kila shimo lipakwe praima ndani kabla ya kishikizo kuingia. Kwa hewa ya Mtwara, shimo lililoachwa wazi litatoa mchirizi wa kutu chini ya kromu kabla gari halijawa la zamani.

Juu ya jina nitasema kwa ufupi. Gari la 200 lingeitwa Clipper tangu siku ya kwanza mwaka 1951, na neno Packard lingeachiwa magari ya uso mrefu. James Nance, aliyeingia kuongoza kampuni mwaka 1952, aliliona hilo na kulirudisha jina la Clipper mwaka 1953, na mwaka 1956 Clipper likafanywa kuwa chapa ya peke yake. Tatizo ni kwamba alitenganisha majina huku bati la mbele likiwa limetoka shina moja.

Magari ya 1955 na 1956 siwezi kuyalaumu kwa mchoro. Teague alipewa bodi ya miaka minne, akaipa kioo cha mbele kilichozunguka pembeni na taa za nyuma za kusimama ambazo mpaka leo zinapendwa. Chini yake kulikuwa na springi za William Allison: vyuma virefu vya kujisokota vilivyounganisha gurudumu la mbele na la nyuma la upande mmoja, pamoja na mota ya umeme iliyosawazisha gari likipakiwa mzigo. Mota hiyo ilicheleweshwa kwa sekunde kadhaa kwa makusudi, ili isihangaike na kila shimo la barabara. Hilo ningeliacha kama lilivyo. Kilichoyaumiza magari ya 1955 ni mahali yalipotengenezwa. Briggs, waliokuwa wakiwatengenezea bodi, waliuza viwanda vyao kwa Chrysler mwishoni mwa 1953, na Packard wakahamishia kazi kwenye jengo dogo la Conner Avenue. Milango haikukaa sawa, na wateja wakalalamika.

Uamuzi mmoja wa 1956 ambao ningeufuta ni vitufe vya gia. Kisanduku cha vitufe kilining'inizwa pembeni mwa usukani kwa mkono wake, na kitufe kilituma umeme kwenye mota iliyosukuma gia. Kilipendeza machoni. Lakini gari likiegeshwa mlimani kwenye gia ya kuegesha, uzito wote unalala kwenye jino la kufunga, na mota haikuwa na nguvu ya kulichomoa. Viunganishi vya umeme navyo viliposhika uchafu, mwendeshaji alibonyeza na gari halikutii. Lever ya kawaida nyuma ya usukani ingeokoa fedha na sifa.

Ule uso mwembamba wa kwenda juu ulirudi mwaka 1956 kwenye Predictor, gari la maonyesho lililojengwa na Ghia kule Turin. Lilionyeshwa mwaka uleule ambao wakopeshaji walikataa kutoa fedha za bodi mpya. Packard ya mwisho ya Detroit ilitoka tarehe 25 Juni 1956. Zilizofuata, za 1957 na 1958, zilikuwa magari ya Studebaker, kampuni waliyoungana nayo, yaliyovalishwa jina la Packard. Sidai kwamba inchi 5 zingeiondolea kampuni hesabu mbaya iliyoikuta ndani ya Studebaker baada ya kuungana nao Oktoba 1954. Nasema zingeiingiza kwenye meza ya mazungumzo ikiwa na gari kubwa linalojulikana, na Caribbean lenye boneti linalostahili bei yake.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri: picha mliyochapisha ilipigwa kwa pembe ya mbele, na haipimiki. Mkirudia mada hii, wekeni picha tatu za ubavuni kwa kipimo kimoja, Clipper la 1947 la inchi 127, Custom Eight la 1948 na Patrician la 1951, na chini ya kila moja muandike umbali wa ekseli hadi ekseli. Chora mstari wima kupita katikati ya magurudumu ya mbele ya yote matatu, ili wasomaji wapime wenyewe hadi ukingo wa mlango.

Wenu katika fani,
Fundi bodi,
Magomeni, Mtwara